Mzimu Wetu Una Tarehe

Jamani waandishi wenzangu, tuache uvivu. Ukichukua hadithi ya kijana yeyote juu ya kijiji cha mbali, kabla ya ukurasa wa tatu umeshakutana na msitu mnene, kikongwe mwenye macho mekundu na laana ya ukoo isiyojulikana ilianzia wapi. Mhusika anaweweseka, anakimbia, anakufa. Basi. Ukiuliza kwa nini, unaambiwa eti mizimu.

Mimi nasema mzimu wa kijiji una tarehe. Asiyeijua tarehe hiyo haandiki riwaya, anatisha watoto tu.

Chukua Buha, kuanzia Kibondo mpaka Kasulu, hadi kule Kagerankanda. Mtu wa mjini anaona pori ambalo halijatokewa na kitu. Kumbe! Miaka ya 1930 Waingereza waliwahamisha watu na kuwakusanya pamoja kwa sababu ya malale. Wanaume wakaenda manamba kwenye mkonge wa Tanga, wengine hawakurudi. Mwaka 1972 ikaja Operesheni Kigoma, watu wakaacha mashamba na makaburi ya wazee wao, wakapangwa vijijini. Mwaka huohuo wakimbizi wa Burundi wakavuka mpaka. Mwaka 1993, alipouawa Rais Ndadaye, wakavuka tena. Mwaka 1996 ikafunguliwa kambi ya Nyarugusu kwa ajili ya Wakongo. Sasa niambie: mzee anayekwepa msitu ulioota juu ya mahame anaogopa jini, au anakumbuka nyumba yake?

Euphrase Kezilahabi alilijua hili. Katika Rosa Mistika (1971) hakumletea Rosa shetani. Alimletea baba mlevi, Zakaria, na kipigo chake. Rosa anaondoka nyumbani kwenda shule, lakini hofu ile inasafiri naye. Alifundishwa kuwaogopa wanaume, hakufundishwa kuishi nao, na hapo ndipo anapopotea. Katika Gamba la Nyoka (1979) akachukua uanzishaji wa vijiji vya ujamaa, akauweka katikati ya hadithi, na vurugu zake zote. Hakuna hirizi inayotibu hayo.

Wapo watakaonijibu: "Lakini wanakijiji wenyewe wanaamini uchawi!" Sawa, waaminini wahusika wenu. Ila mhusika kuamini ni jambo moja, mwandishi kujificha nyuma ya imani yake ni jambo jingine. Jirani akituhumiwa uchawi, mwandishi aulize: huyu alipewa shamba la nani mwaka 1972?

Na hayo macho mekundu, bwana, mara nyingi ni moshi wa jikoni. Usukumani vikongwe wamekatwa mapanga kwa sababu ya macho hayohayo. Kila tunapomchora bibi mwenye macho mekundu kuwa ndiye chanzo cha balaa, tunamnolea mtu panga. Hilo si suala la mtindo wa uandishi tena.

Kwa hiyo, kijana, kabla hujaandika neno "laana", chukua daftari, panda basi, nenda ukakae na wazee. Waulize swali moja: kabla ya hapa mlikuwa mnaishi wapi? Waliohamishwa mwaka 1972 wakiwa watu wazima wamebaki wachache. Wakiisha hao bila kuulizwa, ndipo kweli tutabaki na majini peke yake.