Taji lisitafutwe kwa njaa

Msichana akishatwaa taji la urembo la kaunti, macho huelekea mashindano ya kitaifa. Hapo ndipo baadhi yao hujinyima chakula na kumeza dawa za kuharisha ili wakonde haraka. Nikiwa daktari hapa Mbooni, naonya: dawa hizo hupunguza maji na madini ya potasiamu mwilini, si mafuta. Potasiamu ikipungua mno, mapigo ya moyo huvurugika.

Mwaka wa 2006 mwanamitindo wa Brazil, Ana Carolina Reston, alifariki akiwa na umri wa miaka 21 baada ya kujinyima chakula. Mwaka huo huo, maonyesho ya mavazi ya Madrid yaliwakataa wanamitindo waliokonda kupita kiasi.

Waandalizi wetu nao waige mfano huo. Kila mshindi wa kaunti apimwe uzito na damu kwanza. Aliye na urefu wa sentimita 175 asipungue kilo 57.

Binti, kula muthokoi, ndengu, mboga na maembe yetu ya Makueni, kisha panda vilima kwa miguu. Nawe mzazi, bintiyo akikosa hedhi miezi 3 mfululizo, usimsifu kwa wembamba. Mpeleke kwa daktari.