Injini za Noah na Mifuko ya Wananchi

KATIKA Visiwa vyetu vya Unguja na Pemba gari ya Toyota Noah imekwisha kuwa kama mtu wa nyumbani. Ndiyo ipelekayo watoto skuli, ndiyo ichukuayo wagonjwa usiku na, kwa baadhi ya wananchi, ndiyo iletayo riziki kwa kubeba wageni kutoka Uwanja wa Ndege hadi Nungwi. Gari hizi hutufikia zikiwa zimekwisha tumika Japani, ambako ukaguzi wa kila miaka miwili una gharama kubwa na wengi huona heri kuziuza. Hatuna ugomvi na biashara hiyo. Tunayotaka kuyasema leo yanahusu mambo yanayotokea baada ya gari kuteremshwa bandarini.

Maradhi makubwa ya injini hizi ni kuchemka. Katika Noah za kwanza, zilizotengenezwa kati ya 1996 na 2001, injini imefichwa chini ya viti vya mbele, na kisichoonekana husahauliwa. Tena tunajaza rejeta kwa maji ya kisima! Visiwa hivi ni vya mawe ya matumbawe. Maji yake yana chokaa, na karibu na pwani yana munyu. Chokaa huganda ndani ya mirija, munyu huila rejeta mpaka ikatoboka, na feni hata izunguke vipi haipozi kitu. Maji maalumu ya rejeta, yenye dawa ya kuzuia kutu, bei yake ni ndogo mno ikilinganishwa na gharama ya kufungua hedi.

Lipo na kosa la mafundi ambalo limegeuzwa elimu. Gari ikichemka, fundi hung'oa themostati na kuitupa, kwa hoja kwamba nchi ya joto haiihitaji. Vitabu vya ufundi vya Toyota vinakataza jambo hilo, kwani bila ya kifaa hicho sehemu ya maji hurejea katika injini pasi na kupita kwenye rejeta. Kifaa cha kuenea kiganjani kikikosekana, gasketi huungua, hedi hupinda, na mwenye gari huambiwa atafute injini nyengine.

Noah za 2001 hadi 2007 zina mtihani wao. Injini yao ya 1AZ-FSE ina bloku ya alumini, na ikichemka, nyuzi zinazoshika bolti za hedi huweza kung'oka. Fundi akibadilisha gasketi tu bila ya kutengeneza nyuzi hizo, maji yatavuja tena, na mwenye gari atalipa mara mbili kwa ugonjwa mmoja.

Hapa ndipo penye uchungu. Mwalimu au muuguzi aliyekopa ili anunue gari hana njia ya kujua kama alichokilipia kimefanywa. Haandikiwi kitu, haonyeshwi kifaa kilichotolewa, na bei hutajwa kwa kutazamwa viatu vyake. Sote tuliokaa chuoni tumesomeshwa Suratul Mutaffifin na onyo lake kwa wapunjao vipimo. Hatudhani kuwa onyo hilo linawahusu wauza mchele peke yao.

Mafundi waaminifu wapo, tena wengi, nao huumizwa na vipuri bandia. Mkanda wa taimingi wa injini ya 3S-FE hubadilishwa kila kilomita 100,000. Ule wa bandia ukikatika mapema, lawama humwangukia aliyeufunga, si aliyeuuza.

Tunawataka wenye dhamana ya biashara na viwango waziamuru gereji zote, kabla ya kufungua injini, kuandika maradhi, bei ya vipuri na ujira wa fundi, kila kimoja peke yake, na kumrejeshea mteja kifaa cha zamani. Maduka ya vipuri nayo yakaguliwe kama yakaguliwavyo maduka ya dawa. Na vyuo vya mafunzo ya amali viwapime mafundi wa chini ya miembe kwa kazi ya mikono yao na kuwapa vyeti wanaostahiki.

Hadi hayo yatimie, mwananchi akiona mshale wa joto unapanda na asimamishe gari pale pale na kuizima, hata ikiwa imebaki nusu maili kufika nyumbani. Wala asiifungue rejeta mpaka injini ipoe.