Kiapo Kikubwa na Tendo Dogo

Kila mwaka mwezi wa Januari vijana wengi hujiwekea nadhiri kubwa juu ya afya zao. Mmoja huapa kwamba ataamka alfajiri kila siku akimbie kilomita kumi. Mwingine huapa kwamba hatagusa soda wala mandazi mpaka mwaka uishe. Ifikapo katikati ya Februari, wa kwanza amelala na wa pili yuko dukani. Hapo wazee hutikisa vichwa na kusema kwamba vijana hawana nia. Hukumu hiyo naikataa. Kosa si la nia. Kosa ni la kiapo chenyewe.

Kiapo kikubwa ni moto wa mabua. Huwaka kwa fahari, ukapendeza macho, ukazima kabla chungu hakijachemka. Apikaye githeri hategemei mabua. Hutafuta gogo liwakalo polepole. Desturi ya afya nayo hupikwa vivyo hivyo.

Wataalamu wa University College London waliwachunguza watu 96, ambao kila mmoja alichagua tendo moja dogo, kama vile kula tunda wakati wa chakula cha mchana, akalirudia kila siku. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 yalionyesha kwamba tendo lilihitaji kadiri ya siku 66 ili liwe desturi. Wengine walihitaji siku 18 tu. Wengine walikadiriwa kuhitaji siku 254. Tena ilionekana kwamba kukosa siku moja hakukubomoa kilichokwisha kujengwa. Basi yule anayeacha yote kwa sababu jana alikosa, hakushindwa na jana. Ameshindwa na leo. Kujikwaa si kuanguka.

Wako watakaosema kwamba tendo dogo halina faida. Na tupige hesabu. Chupa ya soda ya mililita 300 huweza kuwa na sukari ya gramu 30. Aliyezoea chupa moja kila siku, akaiacha na kunywa maji kwa siku 90, ameuepusha mwili wake na sukari ya kilo 2.7. Je, hilo ni dogo?

Mtazame Eliud Kipchoge. Mwaka 2003 alikuwa bingwa wa dunia wa mita 5,000 mjini Paris. Mwaka 2019 alikimbia kilomita 42 na ushei mjini Vienna kwa muda usiotimia saa mbili. Sisi hukumbuka siku hizo mbili. Lakini kati yake ipo miaka 16 ya asubuhi za kawaida, zisizopigiwa makofi na mtu.

Nasi walimu tunayo lawama yetu. Shirika la Afya Duniani linashauri vijana wafanye mazoezi kwa wastani wa dakika 60 kila siku. Lakini iko shule ambayo hufuta kipindi cha michezo mtihani unapokaribia, na yuko mwalimu amwadhibuye mkosaji kwa kumkimbiza kuzunguka uwanja. Mtoto aliyefundishwa kwamba mbio ni adhabu, atakimbia kwa hiari lini? Tusipande chuki kisha tukatarajia kuvuna desturi.

Basi, msomaji wangu, usiape. Chagua tendo moja, ulifunge katika jambo ambalo tayari hulikosi: bilauri ya maji kila utokapo darasani mchana, au mwendo wa haraka wa dakika kumi kila umalizapo chakula cha jioni. Likikushinda leo, lirudie kesho bila kujilaumu. Likishakuwa desturi, liongezee la pili. Chovya chovya humaliza buyu la asali. Usijiulize ni jambo gani kubwa uwezalo kulianza mwezi wa Januari, wakati kila mtu ni shujaa. Jiulize ni jambo gani uwezalo kulifanya hata katika juma la mtihani, umechoka, na hakuna akutazamaye. Hilo ndilo litakalokaa nawe mpaka uzeeni.