Samaki Aliyebabuliwa na Mashua Zilizouzwa

Nilipokuwa Vancouver, mwenyeji wangu alinialika kwenye mkahawa wa Kijapani wa hadhi ya juu, karibu na bandari. Sifa ya mahali pale ni aburi, yaani sushi iliyopitishiwa moto. Mpishi huweka mnofu wa samoni juu ya wali wenye siki, kisha huuelekezea ndimi ya moto wa gesi kwa sekunde chache. Mafuta huyeyuka, juu hubabuka, ndani hubaki mbichi. Ni kitamu mno, sitajifanya mtawa.

Kilichonikwama kooni si mwiba. Ni sentensi iliyosemwa mezani, na wote wakaitikia kwa vichwa: kwamba mji huu umeupenda utamaduni wa Kijapani tangu zamani. Kwa adabu ya mgeni nilinyamaza. Hapa sina sababu ya kunyamaza.

Samoni wa mwambao ule waliwahi kuvuliwa na wavuvi Wajapani waliokuwa na makazi yao Steveston, mdomoni mwa mto Fraser. Desemba 1941, baada ya Japani kushambulia Pearl Harbor, serikali ya Kanada ilizikamata mashua zao, takriban 1,200. Mwaka uliofuata iliwaondoa pwani watu wapatao 22,000 wenye asili ya Kijapani, wengi wao wakiwa wazaliwa wa Kanada. Maelfu walishikiliwa kwanza Hastings Park, humo humo Vancouver, katika mabanda ya maonyesho ya mifugo. Hakuna hata mmoja aliyepatikana na hatia ya hujuma. Hata hivyo nyumba, mashamba na mashua zao ziliuzwa bila ridhaa yao, na fedha zilizopatikana zikatumika kulipia gharama za kuwaweka kizuizini. Vita vilikwisha 1945. Ruhusa ya kurudi pwani ilitolewa tarehe 1 Aprili 1949. Serikali iliomba radhi mwaka 1988.

Huo ndio upendo wa tangu zamani.

Nitajibiwa kwamba chakula hupatanisha. Hupatanisha nani na nani? Mlaji hupatanishwa na dhamiri yake, tena kwa bei ghali. Simlaumu mpishi, anafanya kazi yake kwa ustadi. Namlaumu anayelamba kijiti na kudhani kwamba amelipa deni.

Wala msomaji wa Kampala asicheke. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke Uganda, na maelfu yao wakapokelewa na Kanada hiyo hiyo. Mali zao ziliwekwa chini ya bodi ya kutunza mali za Waasia "walioondoka", kana kwamba walikwenda matembezini. Kule Kanada, ofisi iliyouza nyumba na mashamba ilikuwa ya Mtunzaji wa Mali za Adui. Nchi mbili, tawala zisizofanana kabisa, na zote mbili zikachagua neno moja: kutunza. Nasi hadi leo tunapanga foleni barabarani tukisubiri chapati ikunjiwe mayai, tukiiita yetu. Ni yetu kweli. Lakini ni wangapi kati ya wanafunzi wangu wanaoweza kuniambia duka lililo nyuma ya foleni hiyo lilikuwa la nani?

Nawageukia watumishi wa umma mnaonisoma, maana ninyi ndio hasa niliowakusudia. Mashua zile hazikuporwa na wahuni usiku. Ziliuzwa mchana, na makarani waliofika kazini kwa wakati, kwa barua zenye kumbukumbu namba, kwa mhuri na stakabadhi. Kila mmoja alitekeleza agizo la aliye juu yake, akaenda nyumbani kula chakula cha jioni. Majalada yao yamehifadhiwa katika nyaraka za taifa la Kanada, na watafiti wameyafungua na kuyasoma, bei kwa bei.

Ya Kampala, nani kati yenu ameomba kuyasoma?