Picha zetu zinapanda ndege, sisi tunabaki kibandani

Nilipotea kidogo, majukumu tu. Leo naomba tuweke wanasiasa pembeni tuongee sinema, ingawa nahisi hadi mwisho wa makala tutakuwa tumerudi kule kule.

Mimi ni mgonjwa wa picha tangu utotoni, enzi zile tunabishana mtaa mzima kwamba stelingi hafi. Majuzi nilipata siku chache za mapumziko, nikajifungia ndani na picha tatu za huku kwetu ambazo nilikuwa nazisikia tu zikisifiwa: Vuta N'Kuvute, Binti na Supa Modo. Zote nimezimaliza, moja nimeirudia. Nitasema nilivyoziona, halafu nitasema kinachoniuma.

Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji imetokana na riwaya ya Adam Shafi iliyotoka mwaka 1999. Ni Zanzibar ya miaka ya 1950, Mwingereza bado amekalia kiti. Yasmin, binti wa Kihindi aliyeozwa kwa mwanamume mzee, anaikimbia ndoa, anapokewa na Mwajuma, kisha anakutana na Denge, kijana aliyejitia kwenye harakati za kudai uhuru. Jamani, picha ile ni nzuri machoni! Vichochoro, mwanga wa kandili, taarabu, na Kiswahili kinachotamkwa na watu wanaokijua. Siti Amina, ambaye ni mwimbaji kweli, kamvaa Mwajuma kama kanzu ya kupimiwa.

Kasoro? Ipo. Denge wa kitabuni ni mtu wa mbio na vituko, makachero wanamtafuta huku, yeye kashatokea kule. Wa kwenye picha kapoa mno. Na kuna mahali kamera inakodolea ukuta mpaka unajiuliza kama umeme umeshuka. Lakini hizo ni kasoro za mtu aliyejaribu jambo kubwa, si za mtu aliyelipua kazi.

Binti, ya Seko Shamte, ni ya Dar es Salaam ya leo. Wanawake wanne, visa vinne. Mmoja ana duka na madeni yanamkaba koo, mwingine yuko mbioni kuolewa na mtu anayempiga. Hapa hakuna mchawi anayetokea kwenye moshi wala mama mkwe wa kubinua midomo. Matatizo ni yale ambayo dada zetu wanayameza kimya kimya. Visa viwili vya mwanzo vilinishika, baadaye nikaona haraka imekuwa nyingi, kila mmoja angetosha picha yake mwenyewe.

Supa Modo ni ya majirani zetu Kenya, kaiongoza Likarion Wainaina mwaka 2018. Jo ni mtoto anayeumwa ugonjwa usiopona, na ndoto yake ni kuwa shujaa mwenye nguvu za ajabu. Kijiji kizima kinaamua kumtengenezea picha ambayo stelingi ni yeye mwenyewe. Sitawasimulia mwisho. Niseme tu kwamba mimi, mtu mzima mwenye ndevu, nilikwenda jikoni kunywa maji ambayo sikuwa na kiu nayo. Hii ndiyo niliyoirudia.

Sasa kinachoniuma.

Nina mpwa wangu yuko kidato cha sita, anasoma Kiswahili. Nikamuuliza, "Vuta N'Kuvute umeisoma?" Akajibu kwa kujiamini, "Nimesoma mjomba, fani na maudhui yote ninayo kichwani." Nikamuuliza, na picha yake je? Akanikodolea macho. "Kumbe ipo na picha?"

Ndugu msomaji, riwaya hiyo kwa miaka mingi imesomwa na wanafunzi wa kidato cha tano na sita. Picha yake ilioneshwa Toronto, Kanada, Septemba 2021. Kisha Tanzania ikaipeleka Marekani kugombea Oscar, ikiwa ni picha ya pili tu kwa nchi yetu kupelekwa huko baada ya Maangamizi ya mwaka 2001. Mzungu wa Toronto kaiona, na mwanafunzi anayefanyia mtihani kitabu chenyewe hajui kama ipo. Supa Modo nayo ilianzia Berlin. Binti iliingia Netflix mwaka 2022, sifa kwao, ila wangapi mtaani kwangu wana kadi ya benki ya kulipia na bando la kuchezea saa moja na nusu?

Siwalaumu waongozaji. Picha inakula hela, na mara nyingi hela na jina vinapatikana kwenye matamasha ya nje. Ninachokataa ni ile kauli ya kila siku kwamba Waswahili hawapendi picha nzuri, wanapenda ngumi tu. Huo ni uongo.

Nendeni kibanda umiza chochote Jumamosi jioni. Mabenchi yamejaa, joto kama tanuri, watu wametulia tuli wanaangalia picha ya Kikorea au ya Kichina, na juu yake kuna sauti ya Kiswahili inayosimulia. Kazi hiyo Lufufu aliifanya hapa Dar mpaka jina lake likawa sawa na picha iliyotafsiriwa, na kule Kenya DJ Afro naye akajizolea watu wake. Wengi waliwacheka. Mimi nasema hawa walielewa jambo ambalo wasomi wa sinema wanalikwepa: mtazamaji unamfuata alipo, unaongea naye kwa lugha yake, kwa bei anayoiweza. Tena angalieni maajabu: picha ya Kikorea imehangaikiwa mpaka ikafika kibandani kwa Kiswahili, na picha iliyozaliwa kwa Kiswahili haijafika!

Mtaniambia, ukiipeleka kibandani itaibiwa. Sawa, wizi upo na umewafilisi wengi. Lakini niambieni, kuifungia kabatini kumezuia nini? Mwizi huwa anaingia pale ambapo mnunuzi kakosa duka. Wenye vibanda wanajulikana, wana majirani na wana wajumbe wa mtaa. Wauziwe haki ya kuonesha kwa bei ya kibandani, kwa mkataba, siku moja na ile ya ukumbi wa mjini. Shule nazo zipatiwe picha ya kitabu wanachosoma, projekta moja na shuka jeupe vinatosha. Hivi kweli kwa hilo nalo tunasubiri mfadhili?

Wala si jambo geni. Mwaka 1935 Waingereza waliweka mradi wa picha pale Vugiri, milima ya Usambara, wakapakia mitambo kwenye lori wakazunguka nayo vijijini, Tanganyika na nchi jirani. Picha zao zilikuwa za kumfundisha Mwafrika adabu ya mkoloni, hilo tulikatae. Lakini lori lilifika! Tamasha la ZIFF kule Zanzibar, lililoanza 1998, nalo limewahi kutoka Ngome Kongwe na kuwapelekea watu picha vijijini. Kama mkoloni aliweza kufikisha uongo wake kwa barabara za wakati ule, sisi tunashindwaje kufikisha ukweli wetu kwa lami?

Ndiyo maana nilisema tutarudi kwenye siasa. Mtoto anayekua anaona mashujaa wa kila taifa isipokuwa la kwake ataamini kwamba kwao hakujawahi kutokea jambo. Denge alipigania watu wa mtaani. Ni aibu kwamba mtaani ndipo mahali pa mwisho anapofika.

Mpwa wangu nimemuahidi Jumapili hii tunaiangalia wote, pamoja na wenzake wanne wa darasa. Kiti kimoja kimevunjika, mmoja atakaa kwenye ndoo.

Na nyie wadau, mlikoziona picha hizi ni wapi? Au hamjaziona kabisa? Semeni ukweli hapo chini, msinionee haya. Nikikosea, nikosoeni.