Germaniumu inatoka Lubumbashi, ujuzi wake utabaki wapi?

Mwezi wa kumi 2024, kampuni STL, tawi la Gécamines, ilituma Ubelgiji mzigo wa kwanza wa germaniumu iliyotolewa katika terili ya Lubumbashi, ule mlima mweusi wa takataka za shaba. Mnunuzi ni Umicore. Wazee wanajua jina lake la zamani, Union Minière: ndiyo iliyoanza kulundika takataka hizo. Watu wengi waliongea bei. Wachache waliuliza kitu hicho kinafanya kazi gani.

Kati ya kazi zake, germaniumu inaingia ndani ya fibre optiki. Fibre ya njia moja, inayobeba intaneti mbali, ina moyo wa kioo wa mikromita 9 hivi. Fibre ya njia nyingi ina moyo wa mikromita 50 ao 62,5. Mlango huo mpana unarahisisha kuingiza mwangaza, hata kwa taa ya bei ndogo. Lakini mwangaza mwingine unanyooka katikati, mwingine unazunguka pembeni na kuchelewa. Dawa ni germaniumu: inawekwa nyingi katikati, ikipunguka polepole kuelekea pembeni. Hivi mwangaza wa katikati unaenda pole, ule wa pembeni unakimbia, na yote inafika karibu wakati mmoja. Hata hivyo, kwa intaneti ya mwendo mkubwa, fibre hiyo ni ya mita mia kadhaa, si ya kutoka Muanda hadi Lubumbashi.

Kazi ingine inagusa Katanga zaidi. Mashini inatuma mwangaza mfupi ndani ya fibre. Sehemu ndogo inarudi ikiwa imebadili rangi. Nguvu ya mwangaza huo inaonyesha joto, na muda wa kurudi unaonyesha mahali. Uzi wa kilometa kadhaa unapima joto karibu kila mita, bila umeme njiani. Kwingine unalazwa kando ya mikanda ya kubebea mawe migodini na ndani ya tuneli, ili moto ujulikane mapema.

Waganga nao wanangojea. Picha ikipita fibre ya njia nyingi inatoka kama madoa tu. Mwaka 2012, Tomáš Čižmár na Kishan Dholakia wa chuo kikuu cha St Andrews, Scotland, walionyesha kwamba mchanganyiko huo unaweza kupimwa mbele, kisha kufunguliwa. Mwaka 2018 watafiti waliona kwa njia hiyo chembe za ubongo wa panya akiwa hai, kwa uzi mwembamba kama unywele. Shida ni kwamba uzi ukipindwa, vipimo vinaharibika.

Kudai kiwanda cha fibre Lubumbashi kesho ni maneno ya kampeni. Kioo hicho kinaomba usafi mkubwa sana. Kuna jambo dogo linalowezekana. Mapatano yanasema Umicore italeta ujuzi wa kuchenjua. Ujuzi huo usiishie kwenye kiwanda. Chuo kikuu cha Lubumbashi, chenye fakulte ya politekniki, kipewe mashini moja ya kupima joto kwa fibre, na wanafunzi waifunge katika mgodi wa karibu. Serkali inaweza kudai hilo, sababu Gécamines ni mali yake. Vilevile itangaze kila mwaka ni kilo ngapi zilitoka na kwa bei gani, ili wakaaji wa kando ya terili wajue mlima wao unaenda wapi.