Uraia kwa mlango wa kabila: Wamakonde, Wapemba na swali gumu la Kenya

Na Mwandishi Wetu

KATIKA kipindi kisichozidi miaka saba, Kenya imeongeza majina mapya katika orodha ya makabila yake. Wamakonde walitambuliwa kuwa kabila la 43 baada ya agizo la Rais la Oktoba 2016. Wakenya wenye asili ya Asia wakawa la 44 Julai 2017, na Januari 2023 zamu ikawafikia Wapemba waishio katika pwani ya nchi hiyo.

Kila tangazo lilipokewa kwa shangwe, na shangwe hiyo ilikuwa halali. Watu waliozaliwa, kuoa na kuzika wazazi wao katika ardhi ya Kenya walikuwa wameishi miaka mingi bila karatasi hata moja inayowatambua.

Hata hivyo, nyuma ya shangwe hizo kuna swali ambalo halijajibiwa. Je, ni sahihi mtu kuingia katika uraia kupitia mlango wa kabila lake, badala ya kupitia mlango wa sheria ulio wazi kwa kila mtu?

Swali hilo ni zito kwa nchi ambayo, baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, ilishuhudia zaidi ya watu 1,100 wakiuawa katika ghasia zilizochukua sura ya kikabila. Tangu wakati huo viongozi wake hawajachoka kuwahimiza wananchi wajione Wakenya kwanza. Lakini anayetaka kuthibitisha Ukenya wake bado huulizwa kwanza ni wa kabila gani.

Kipande cha mkoloni

Mazoea hayo hayakuanza jana. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, serikali ya kikoloni ilianza kuwalazimisha wanaume wa Kiafrika kubeba kipande, karatasi iliyotiwa ndani ya kikasha cha chuma na kuvaliwa shingoni. Humo yaliandikwa jina, kabila, alama za vidole na kumbukumbu za kazi kwa kila mwajiri.

Lengo lilikuwa kudhibiti vibarua. Mwafrika hakuwa raia, alikuwa mtu wa kabila fulani na wa eneo fulani lililotengwa kwa ajili ya kabila hilo. Asiyekuwa na eneo lake katika ramani ya mkoloni hakuwa na mahali.

Kipande chenyewe kilifutwa, lakini jina lake halikufa. Hadi leo Wakenya wengi hukiita kitambulisho cha taifa kwa jina hilo hilo la kipande, na fikra iliyokizaa imedumu pia: kwamba kila mtu halisi wa nchi ana kabila, na kila kabila lina kwao.

Tatizo ni kwamba mkoloni huyo huyo ndiye aliyewahamisha watu. Wamakonde waliletwa kutoka Msumbiji kuanzia miaka ya 1930 kufanya kazi katika mashamba ya mkonge ya Taita Taveta, na baadaye katika mashamba ya miwa ya Ramisi, Kwale. Wengine walifuata wakikimbia vita nchini mwao.

Wanubi nao ni wazao wa askari wenye asili ya Sudan waliotumikia jeshi la Mwingereza na kupewa makazi Kibera, pembezoni mwa Nairobi ya wakati huo. Washona waliwasili kutoka Zimbabwe na Zambia za leo kueneza injili ya kanisa lao, na wakabaki.

Pwani moja, bendera mbili

Kisa cha Wapemba ni cha aina yake, na kinawagusa Watanzania moja kwa moja. Wavuvi wa Pemba wamekuwa wakifuata samaki na pepo katika pwani ya Kilifi na Kwale kwa vizazi kadhaa. Walipofanya hivyo enzi za ukoloni, hawakuwa wakivuka mpaka kwa maana tunayoijua leo.

Ukanda wa maili kumi wa pwani ya Kenya ulikuwa ukitawaliwa na Waingereza kwa niaba ya Sultani wa Zanzibar, kwa mkataba wa mwaka 1895. Ni Oktoba 1963 tu, miezi miwili kabla ya uhuru wa Kenya, ndipo makubaliano yalipofikiwa ya kuukabidhi ukanda huo kwa Kenya. Mvuvi aliyetoka Pemba kwenda Kilifi alikuwa ametoka katika eneo moja la Sultani na kuingia jingine.

Wengine walivuka baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 1964. Hao ni tofauti na wale zaidi ya 2,000 waliokimbilia Shimoni baada ya mauaji ya Januari 2001 kisiwani Pemba, ambao walipokewa kama wakimbizi. Wapemba wa zamani hawakuwa wakimbizi, hawakuwa raia, na wengi wao hawakuwa tena na chochote cha kuwaunganisha kisheria na Zanzibar.

Kenya ilipopata uhuru Desemba 1963, aliyezaliwa nchini humo alikuwa raia moja kwa moja iwapo angalau mzazi wake mmoja naye alizaliwa humo. Baadhi ya wengine walipewa miaka miwili ya kuomba kusajiliwa. Kwa kibarua wa shamba la mkonge au mvuvi asiyejua kusoma, miaka miwili hiyo ilikuja ikapita kama upepo.

Maana ya kukosa karatasi

Kwa mkazi wa mjini ni rahisi kusahau uzito wa kitambulisho. Nchini Kenya, asiyekuwa nacho hawezi kusajili laini ya simu kwa jina lake, na kwa hiyo hawezi kutuma wala kupokea fedha kwa simu. Hawezi kufungua akaunti benki, kumiliki ardhi kwa hati, kupiga kura wala kupata ajira rasmi.

Mvuvi wa Kipemba asiye na kitambulisho alikuwa akikosa leseni ya uvuvi, na hivyo kuingia baharini kila siku akiwa na hofu ya kukamatwa kwa kazi aliyorithi kwa babu yake. Wapo waliolazimika kutumia majina na vitambulisho vya majirani ili wafanye biashara au kusomesha watoto.

Baya zaidi, hali hiyo hurithiwa. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inasema mtu ni raia wa kuzaliwa iwapo siku alipozaliwa baba au mama yake alikuwa raia. Ni kanuni nzuri kwa mwenye mzazi mwenye kitambulisho. Kwa mtoto wa wazazi wasiotambuliwa, ni mlango uliofungwa kabla hajajua kutembea.

Suala la watoto wa Kinubi lilifikishwa mbele ya Kamati ya Wataalamu ya Afrika kuhusu Haki na Ustawi wa Mtoto. Machi 2011 kamati hiyo iliamua kuwa Kenya ilikuwa imekiuka haki zao, kwa kuwaacha wakue bila kujua kama wangetambuliwa kuwa raia watakapofikisha umri wa miaka 18.

Sheria ilikuwapo

Jambo ambalo halitajwi sana katika sherehe za kukabidhi vitambulisho ni kwamba Kenya ilikwisha kutunga sheria ya kulimaliza tatizo hili bila kutaja kabila lolote. Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya mwaka 2011 iliruhusu mtu asiye na uraia wa nchi yoyote, aliyeishi Kenya mfululizo tangu Desemba 12, 1963, kuomba kusajiliwa kuwa raia.

Sheria hiyo iliweka muda wa miaka mitano. Muda ulipomalizika mwaka 2016 uliongezwa kwa miaka mitatu, nao ukaisha mwaka 2019. Katika miaka hiyo minane, kilichowafungulia milango Wamakonde hakikuwa fomu ya maombi iliyojazwa na mtu mmoja mmoja.

Kilichowafungulia ni miguu yao. Oktoba 2016 kundi la Wamakonde lilifunga safari kutoka Kwale kuelekea Nairobi, wakitembea kwa miguu, kwenda kumwona Rais. Rais wa wakati huo, Uhuru Kenyatta, aliwapokea Ikulu na kuagiza wapewe vitambulisho kabla ya mwisho wa mwaka huo.

Washona na watu wenye asili ya Rwanda walisubiri hotuba ya Rais huyo huyo ya Sikukuu ya Jamhuri, Desemba 2020, alipotangaza kuwa Washona 1,670 na Wanyarwanda 1,300 wangepewa uraia. Wapemba walitambuliwa chini ya Rais William Ruto, ambaye Julai 2023 alikwenda Kilifi kuwakabidhi vitambulisho.

Hapa ndipo hoja inapojitokeza. Haki inayotolewa na Rais jukwaani hupokewa kama zawadi, na anayepewa zawadi hubaki na deni la shukrani. Si siri kwamba agizo la Wamakonde na tangazo la Wakenya wenye asili ya Asia yote yalitolewa katika miezi iliyotangulia uchaguzi wa Agosti 2017, na tangazo la pili lilitoka zikiwa zimebaki takriban wiki mbili tu watu wapige kura.

Jina bila karatasi, karatasi bila jina

Kisa cha Wakenya wenye asili ya Asia kinaonyesha kuwa karatasi peke yake haitoshi. Wengi wao walikuwa na vitambulisho na hati za kusafiria kwa miongo mingi. Babu za baadhi yao walifika kujenga reli ya Uganda kuanzia mwaka 1896. Walichokikosa si uraia, ni kuhesabiwa kuwa wenyeji.

Kumbukumbu ya miaka ya 1967 na 1968, pale maelfu ya Waasia wasiochukua uraia wa Kenya walipoondoka kwenda Uingereza, iliwaachia waliobaki sura ya watu walio njiani. Walipoomba waitwe kabila, walikuwa wakiomba kwa lugha pekee ambayo siasa za nchi hiyo huielewa.

Zipo pia sababu za kimaslahi. Sheria ya Utangamano na Uwiano wa Kitaifa ya mwaka 2008 inazuia taasisi ya umma kuwa na zaidi ya theluthi moja ya wafanyakazi wa kabila moja, na Katiba inaelekeza makundi madogo na yaliyotengwa yapewe nafasi. Katika mfumo wa namna hiyo, asiyekuwa na kabila linalotambulika ni vigumu kuhesabiwa pale mgawo unapopangwa.

Lakini je, kuwa kwenye orodha kunatosha? Jibu liko kaskazini mwa Kenya. Wasomali wa Kenya ni kabila lililokuwa kwenye orodha siku zote, na ni miongoni mwa makabila makubwa nchini humo. Wana wabunge, magavana na mawaziri.

Pamoja na hayo, mwaka 1989 serikali iliwalazimisha wapitie uhakiki wa pekee na kubeba kadi ya ziada yenye rangi ya waridi kuthibitisha kuwa ni Wakenya. Kwa miaka mingi baadaye, kijana wa Wajir au Garissa aliyeomba kitambulisho alifikishwa mbele ya kamati za uhakiki, hatua ambayo mwenzake wa Nyeri hakuijua. Ni Februari 2025, akiwa Wajir, ndipo Rais Ruto alipotangaza kuufuta uhakiki huo wa ziada.

Kwa hiyo orodha ya makabila haimlindi aliyemo, na humzuia asiyekuwamo. Aliyemo anaweza kutiliwa shaka kwa sababu ya sura, jina au mkoa atokao. Asiyekuwamo hana pa kuanzia.

Tanzania isijisifu

Msomaji wa Dar es Salaam anaweza kusema kwamba hayo ni ya Wakenya. Ni kweli kwamba Tanzania iliacha kuuliza kabila katika sensa baada ya ile ya mwaka 1967, na Mmakonde wa Mtwara hahitaji tangazo la Ikulu ili awe Mtanzania. Ni kweli pia kwamba nchi hii ilitoa uraia kwa takriban watu 162,000 wenye asili ya Burundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 na kuishi Katumba, Mishamo na Ulyankulu, uamuzi ambao ni nadra duniani.

Hata hivyo, wengi wa watu hao walikubaliwa ifikapo mwaka 2010 na wakasubiri hadi Oktoba 2014 ndipo vyeti vilipoanza kutolewa. Katikati yake waliambiwa wahame na kutawanywa mikoani, sharti ambalo baadaye liliachwa.

Aidha, mwaka 2001 Serikali ya Tanzania ilitangaza kuwa watu kadhaa maarufu, akiwamo mwandishi wa habari Jenerali Ulimwengu, hawakuwa raia, ingawa baadhi yao walikuwa wameitumikia nchi katika nafasi za juu. Mwaka 2013 Operesheni Kimbunga iliwasaka wahamiaji haramu katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita, mahali ambapo lugha na majina ya pande mbili za mpaka hufanana. Kutokuwa na orodha ya makabila hakukuzuia watu kutazamwa kwa asili yao.

Kinachobaki

Tofauti kati ya nchi hizi mbili ni ya njia. Ugonjwa ni mmoja: dhana kwamba kuwa mtu wa nchi ni suala la damu na asili ya babu, ambalo mwenye mamlaka anaweza kulifungua tena wakati wowote.

Dawa yake haina miujiza. Kila mtoto aandikishwe anapozaliwa, wawe wazazi wake wana vitambulisho au hawana. Sheria ya kumsajili mkazi wa muda mrefu asiye na uraia iwe ya kudumu, bila muda wa kuisha, na maombi yaamuliwe kwa ushahidi wa makazi. Anayekataliwa apewe sababu kwa maandishi na nafasi ya kwenda mahakamani.

Wamakonde wa Kwale na Wapemba wa Kilifi walistahili walichokipata, na walistahili kukipata miaka mingi kabla. Lakini jamii nyingine ndogo isiyo na idadi ya kutosha ya kura, isiyo na viongozi wa kuisemea wala nguvu ya kutembea hadi Nairobi, haipaswi kusubiri Rais ajaye aitangaze kuwa kabila la 46.